Mzazi mmoja, watoto watatu, boti moja: namna ya kupanga safari ya Unguja ukitokea Kariakoo

Kutoka Mtaa wa Msimbazi mpaka geti la boti za Zanzibar ni karibu kuliko kwenda Mbagala. Lakini kuna wazazi wana miaka kumi na fremu yao Kariakoo, kila wiki wanafunga mizigo ya wateja wa Unguja, na watoto wao hawajawahi kuvuka bahari.

Sababu ya kwanza wanayotaja ni hela. Kwa anayelea peke yake, mama au baba, chini ya hiyo kuna sababu nyingine ambayo hasemi kwa sauti. Anajiona yuko katikati ya bahari na watoto watatu, mmoja anatapika, mwingine anakimbilia nje, wa tatu analilia maziwa, na mikono yake ni miwili tu.

Hofu hiyo ina msingi. Safari nyingi za familia zimepangwa kana kwamba kuna watu wazima wawili: mmoja anapanga foleni, mwingine anakaa na watoto. Wewe huna huyo wa pili. Kwa hiyo kazi yako ya kupanga ni moja: tafuta kila mahali ambapo mtu wa pili angehitajika, kisha weka kitu kingine mahali pake. Inaweza kuwa tarehe nzuri, karatasi, tiketi iliyokatwa jana au ndugu anayesubiri upande wa pili.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto watatu, wa miaka 11, 6 na 2. Twende naye hatua kwa hatua.

Anza na tarehe, nauli baadaye

Mzazi wa Kariakoo anabanwa na kalenda tatu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ya shule. Likizo ndefu ni za Juni na Desemba, na katikati huwa kuna zile fupi, kwa kawaida karibu na Aprili na Septemba. Tarehe zinabadilika mwaka hadi mwaka, hivyo angalia kalenda ya mwaka huo.

Ya pili ni ya biashara. Desemba watu wananunua nguo za sikukuu, Januari wanahamia kwenye sare, mabegi na madaftari. Siku za kuelekea Idi nazo ni hivyohivyo. Ukifunga fremu wakati huo, safari inakugharimu mara mbili: hela unayotumia na hela ambayo hukuingiza.

Ya tatu ni ya bahari. Kuanzia kama Mei mpaka Septemba unavuma kusi, na Juni mpaka Agosti bahari huwa imechafuka zaidi. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi. Katikati ya pepo hizi mbili, hasa Oktoba na Novemba, maji huwa yametulia kidogo. Machi na Aprili nayo ni mpito, ila hapo unakutana na mvua za masika.

Sasa ziweke pamoja. Likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi. Likizo ya Desemba inaangukia kwenye msimu wa mauzo. Ndiyo maana safari haitokei: kila mwaka tunasubiri likizo kubwa, na likizo kubwa ndiyo mbaya kwetu.

Kwa mzazi aliye peke yake, safari fupi ya siku mbili au tatu inafaa kuliko wiki nzima. Likizo fupi ya Septemba, kusi ikiwa inaisha, ni nafasi nzuri. Nyingine ni Oktoba 14, Siku ya Nyerere: mwaka ikigusana na wikiendi unapata siku tatu bila kumtoa mtoto darasani.

Usichukulie upepo kama maneno ya wavuvi tu. Boti ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja Julai 18, 2012, katikati ya msimu wa kusi. Ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe siku ya upepo mkali na mawimbi, na watu wengi walikufa wakiwamo watoto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri na maonyo ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ukisikia wametoa angalizo kwa pwani ya Dar es Salaam na Unguja, ahirisha. Na panga bajeti yako mapema ili kuahirisha kusikuume sana. Mzazi aliyebana hela mpaka senti ya mwisho ndiye anayeshawishika kuondoka siku mbaya.

Piga hesabu ya safari nzima

Wengi wanapiga hesabu ya nauli, wanafurahi, kisha wanakwama Forodhani. Andika vyote:

- Nauli ya kwenda na kurudi, mtu mmojammoja. Boti zina bei ya watoto, lakini umri wa kuanzia na kuishia unatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Uliza dirishani.
- Usafiri wa nyumbani mpaka bandarini, kwenda na kurudi.
- Chumba, kwa usiku wote mtakaolala.
- Chakula. Hesabu milo mitatu na vitafunwa, watoto wakiwa safarini wanakula kila saa.
- Usafiri wa Unguja na viingilio.
- Dawa, pampasi, maji.
- Malipo ya anayebaki dukani.
- Hela ya kukwama: angalau usiku mmoja wa ziada na chakula chake, kama boti itaahirishwa.

Hiyo ya mwisho usiiguse. Ukiwa wawili, mmoja anaweza kukimbia kutafuta mkopo. Ukiwa peke yako na watoto watatu bandarini saa kumi na moja jioni, hiyo hela ndiyo mwenzako.

Baada ya kupata jumla, igawe kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, yote imefika shilingi 360,000 na safari iko siku 90 mbele. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa mtu wa meza au fremu, hesabu ya siku inaeleweka kuliko ya mwezi. Iweke kwenye kibubu, kwenye kikoba, au kwenye laini nyingine ya simu ambayo huifanyii biashara. Usiichanganye na hela ya mzigo, itaondoka na mzigo.

Kabla hujafunga daftari, jiulize: je, nikimlipia mtu mzima mwingine? Bibi wa watoto, mdogo wako, dada anayekusaidia nyumbani. Ni tiketi moja ya ziada na sahani moja ya ziada, na unapata mikono miwili. Wengine wanaona ni anasa. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili, inaweza kuwa hela iliyotumika vizuri kuliko zote. Na kama haiwezekani, basi, tuendelee na mikono yako miwili.

Karatasi za watoto

Kwenda Unguja huhitaji pasipoti kama wewe ni Mtanzania. Unahitaji kitambulisho: cha NIDA, cha mpigakura au pasipoti kama unayo.

Mtoto hana NIDA mpaka afike miaka 18. Karatasi yake ni cheti cha kuzaliwa. Kama hujakichukua, fuatilia RITA sasa, usisubiri wiki ya safari. Watoto chini ya miaka mitano wana utaratibu wao wa usajili, unaofanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mtoto wa shule abebe na kitambulisho cha shule kama kipo. Mdogo, beba kadi yake ya kliniki.

Cheti kina kazi nyingine kwa anayelea peke yake: kinajibu maswali kwa niaba yako. Baba anayefika gesti na binti yake wa miaka 9 anaweza kuulizwa huyu ni nani wako. Asikasirike, swali hilo linawalinda watoto. Atoe cheti, mazungumzo yaishe.

Kama mlitengana na mzazi mwenzako na kuna amri ya mahakama kuhusu malezi, isome kabla ya kulipa chochote. Kama hakuna amri na mnaongea, mtumie ujumbe wa maandishi: tunaenda Unguja tarehe fulani, tunarudi tarehe fulani, tutalala mahali fulani. Huombi ruhusa ya kuishi. Unaweka kumbukumbu, ili mtu asije kusema watoto walitoroshwa.

Piga picha karatasi zote, ziweke kwenye simu, na mtumie ndugu mmoja aliyebaki Dar. Simu ikidondoka majini, karatasi zipo kwa mtu.

Tiketi: kata jana, kwa jina la kila mtu

Siku ya safari bandarini pana kelele. Kuna wapagazi, wapo madalali wa tiketi, wapo vishoka wanaokuvuta mkono kabla hujashuka kwenye bajaji. Ukiwa na watoto watatu, hapo si mahali pa kuanza kutafuta dirisha.

Nenda siku moja au mbili kabla, peke yako, watoto wakiwa shule. Boti ziko Barabara ya Sokoine, jirani na Kanisa la Mtakatifu Joseph. Ukipanda mwendokasi wa kwenda Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, utatembea kidogo tu. Nunua ndani ya ofisi ya kampuni yenyewe au kwenye tovuti yake. Mtu akikuambia dirisha limefungwa, nenda ukalione kwa macho yako.

Hakikisha kila mtoto ameandikwa kwa jina lake, hata yule utakayempakata. Usikubali kuambiwa huyu mdogo mpitishe tu. MV Spice Islander I ilizama usiku wa Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Moja ya machungu ya familia ilikuwa kutojua nani hasa alikuwemo, kwa sababu waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa. Jina kwenye orodha ni kinga ya mtoto wako.

Kata boti ya asubuhi. Kwanza, asubuhi watoto wana nguvu. Pili, chochote kikiharibika, bado una mchana mzima wa kukirekebisha. Rudini pia mchana, ili mfike Dar kabla ya giza.

Kama kuna mpwa anakuja na pasipoti ya nje, hesabu yake ni tofauti. Wageni wana nauli yao, na tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Watanzania haiwahusu.

Kwanza jaribuni pantoni

Wiki mbili kabla, wapeleke watoto Magogoni, mvuke kwenda Kigamboni na kurudi. Ni dakika chache na nauli ndogo, lakini utajifunza mambo ambayo hakuna atakayekuambia.

Yupi anashika nguo yako bila kuambiwa? Yupi anakimbilia ukingoni kuangalia maji? Yupi anaogopa mlio wa injini? Huyo anayekimbilia ukingoni ndiye atakayekaa upande wako wa kulia siku ya safari.

Hapo ndipo pa kuwafundisha sheria tatu, na zisizidi tatu, maana mtoto wa miaka sita hakumbuki zaidi:

1. Tukishuka na kupanda, kila mtu ameshika mtu.
2. Hakuna kwenda nje wala chooni bila mama.
3. Ukipotea, simama hapohapo, usinitafute. Mimi ndiye nitakayekutafuta.

Ukitaka hatua ya pili kabla ya Unguja, kuna visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Vyote ni maeneo tengefu ya bahari na vina kiingilio. Boti zake ni ndogo, hivyo hakuna kupanda kabla kila mtoto hajavaa boya lake, lile tunaloita laifu jaketi, la saizi yake.

Kulewa bahari: usilale wewe

Mwili unajua mwendo kwa njia mbili, macho na sikio la ndani. Kwenye boti, macho yanaona kiti kimetulia na sikio linasema tunapanda na kushuka. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaoathirika zaidi. Walio chini ya miaka miwili huwa hawasumbuki sana.

Safari ya boti ya kasi ni kama saa mbili. Haya yanasaidia:

- Chagua viti vya katikati ya boti, ghorofa ya chini. Huko kuyumba ni kudogo kuliko mbele na juu.
- Wapeni watoto kifungua kinywa chepesi, kama mkate mkavu au kiazi, saa moja au zaidi kabla. Chapati za mafuta na maziwa mengi ziacheni mpaka Unguja.
- Simu na katuni zizimwe. Kuangalia kitu cha karibu kinachocheza kunaongeza kichefuchefu. Waangalie nje, mbali, pale bahari inapokutana na mbingu.
- Beba mifuko ya kutapikia, taulo na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, ziwe juu kabisa kwenye begi.

Dawa zipo, na nyingi hunywewa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kuondoka. Usichukue kwa kuambiwa na jirani wa duka. Nenda kwa mfamasia, mtajie umri na uzito wa kila mtoto. Promethazine, ambayo inajulikana sana, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua vizuri.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wawili hawana haja ya kulifikiria na wewe unayo. Dawa nyingi za kulewa bahari zinaleta usingizi. Ukimeza wewe ukasinzia, nani ana watoto? Kama unajijua unatapika, ongea na mfamasia kuhusu ile isiyolaza sana, na uijaribu nyumbani siku ya Jumapili, ujue inakufanyaje. Usiijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya bahari.

Siku yenyewe, bandarini

Begi moja la mgongoni, kubwa. Si masanduku. Wa miaka miwili umfunge mgongoni au mbele kwa kanga au mbeleko, begi likae upande uliobaki au abebe mpagazi. Lengo ni mikono yako miwili ibaki na watoto.

Ukichukua mpagazi, kubalianeni bei kabla hajagusa begi, na mtembee naye, asitangulie. Pochi, simu, tiketi na vyeti vikae mwilini mwako.

Fikeni mapema, zaidi ya saa moja kabla. Wote nendeni chooni pamoja kabla ya kupanda, hata asiyetaka.

Wa miaka 11 mpe kazi moja tu: awe wa mwisho kwenye mstari, ahakikishe hakuna aliyebaki nyuma. Usimfanye mzazi wa pili. Kwenye nyumba ya mzazi mmoja, mtoto mkubwa anabeba mengi kila siku, na safari hii ni yake pia. Akitumia safari nzima kubembeleza mdogo wake, atarudi amechoka na atakumbuka hivyo.

Halafu kuna hili, ambalo kwetu linasahaulika. Mtaani unaitwa Mama Fulani. Watoto wadogo wengi, ukiwauliza mama yao anaitwa nani, watajibu hivyohivyo. Kwenye orodha ya abiria hakuna Mama Fulani. Mfundishe kila mtoto jina lako kamili kama lilivyo kwenye tiketi, pamoja na namba yako ya simu. Wa miaka miwili mwandikie namba kwa kalamu kwenye mkono, ndani ya sikono. Mkubwa ajue pia 112, namba ya dharura, na 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, inayofanya kazi Bara na Visiwani.

Ndani ya boti

Kabla ya kutafuta pa kuweka begi, tafuta maboya yako wapi. Muulize mhudumu yale ya watoto yako wapi, na mwonyeshe mkubwa wako. Angalia mlango wa kutokea ulio karibu. Matangazo ya usalama yakisomwa, watoto wanyamaze na wewe usikilize. Boti ikiwa imejaza mpaka watu wanakaa njiani, una haki ya kuuliza, na una haki ya kushuka kabla haijang'oa nanga.

Salimiana na jirani wa kiti mapema. Kusema tu, "Dada shikamoo, mimi niko peke yangu na hawa watatu," kunafungua mlango. Huku pwani hakuna mama mtu mzima atakayeona mtoto anatapika akageuza uso. Hilo ni tofauti na kumwachia mtu mtoto ukaondoka. Mmoja akitaka choo, mnaenda wote. Inachosha, ni kweli, ila ni saa mbili tu.

Mkifika Unguja

Mtashukia Malindi, na kitambulisho chako kiwe karibu. Usiku wa kwanza laleni Mjini, sehemu mnayoweza kufika kwa miguu au kwa teksi ya muda mfupi. Usiunganishe boti na daladala ya Nungwi siku hiyohiyo na watoto waliotapika. Kama una ndugu au mteja wa siku nyingi huko, mwombe awapokee getini. Mtu mmoja anayekujua upande wa pili anapunguza nusu ya hofu.

Cha kufanya hakikosekani na si lazima kiwe cha bei. Jioni mnaenda Forodhani, watoto wanaangalia vijana wakiruka baharini na mnagawana urojo. Mchana kuna kobe wakubwa wa Changuu, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kuna kima punju wa msitu wa Jozani. Na watoto wa Kariakoo watacheka wakisikia Unguja nayo ina Kariakoo yake, tena ina kiwanja cha kufurahishia watoto.

Boti ya kwenda Changuu ni ndogo, kwa hiyo sheria ya boya ni ileile ya Mbudya. Mkienda mwezi wa Ramadhani, wekeni chakula cha watoto chumbani, kwa sababu mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa. Na jueni hospitali kubwa ya mjini ni Mnazi Mmoja.

Kama ndoto ni meli kubwa ya kitalii

Watoto wanaziona zikitia nanga Dar na Zanzibar, ghorofa juu ya ghorofa. Kupanda moja inawezekana, ila mambo mawili yanabadilika kwa mzazi mmoja.

Bei ya chumba kwenye meli hizi hupangwa kwa watu wawili. Abiria wawili wa kwanza hulipa bei kamili, hata kama wa pili ni mtoto. Matangazo ya "watoto bure" mara nyingi yana sharti la watu wazima wawili wanaolipa. Kwa hiyo uliza bei ya mtu mzima mmoja na watoto kabla hujaanza kuota.

La pili ni karatasi. Hapo kila mtoto anahitaji pasipoti yake, na pengine viza za nchi mnazopita. Kampuni na nchi nyingi pia hutaka barua ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili, au hati inayoonyesha kwa nini barua hiyo haipo, kama cheti cha kifo au amri ya mahakama. Watoto wachanga chini ya miezi sita kwa kawaida hawapokelewi.

Unguja haikudai hayo yote. Ndiyo maana ni pa kuanzia.

Usiku wa kuamkia safari

Watoto wakishalala, kaa na orodha hii:

- TMA wamesema nini kuhusu kesho? Kama kuna angalizo, pigia kampuni ya boti simu asubuhi kabla ya kutoka.
- Tiketi zote nne zipo, na majina ni sahihi?
- Vyeti vya kuzaliwa vipo, na picha zake ziko kwa ndugu?
- Hela ya kukwama imetengwa?
- Simu na pawabenki zina chaji?
- Anayebaki dukani ana funguo na namba ya mtu wa pili wa kumpigia?
- Kila mtoto amerudia jina lako kamili?

Kama majibu yote ni ndiyo, lala. Kama moja ni hapana, bado una usiku wa kulirekebisha. Na kama ni lile la kwanza, waambie watoto ukweli asubuhi: bahari leo imekataa, tutaenda Jumamosi nyingine. Watanuna, mwisho watazoea. Hela umeitenga, na boti zipo kila siku.